Ukoo wa Nyuso Nyepesi

Mume wangu Abdillahi hawezi kumtazama mtu anayelia asilie naye, hata kama hamjui. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu tulikwenda matangani Kisumundogo, kwa mzee ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumtia machoni, akalia mpaka wafiwa wakaacha msiba wao wakaja kumbembeleza yeye. Akimwona mtu anacheka, anacheka. Mtu akikunja uso mbele yake, viganja vinamtoka jasho, na siku nzima anajiuliza amemkosea nini.

Mimi siko hivyo. Ukinuna mbele yangu nitakuuliza unaumwa wapi, na ukinyamaza nitaendelea na shughuli zangu. Nina diploma ya lishe na nafanya kazi kliniki ya watoto hapa Malindi. Kazi yenyewe ni kumwambia mama mwenye uso wa huzuni kwamba mwanawe amepungua uzani na kwamba uji mtupu wa muhogo hautoshi. Ningekuwa na moyo wa Abdillahi, mizani ingeota kutu.

Binti yetu Kamaria amemfuata babake. Tangu mchanga, ukimwinamia umekasirika mdomo ulikuwa unapinda kabla hujatamka neno. Ukimwinamia na bashasha, alikuwa anacheka mpaka anapata kwikwi. Watu walisema ni mtoto mwerevu. Mimi nilisema ni Abdillahi mwenye nywele.

Mwaka wa themanini na saba Kamaria alichumbiwa na Mselem, mwalimu wa kemia katika shule moja ya Kilifi, mwenyeji wa Takaungu. Kijana mzuri, sina la kusema juu yake ila kwamba anakula haraka. Lililonikosesha raha si Mselem. Ni siku ya kupamba.

Asiye wa pwani nimweleze. Baada ya nikaha bi harusi hupambwa akakalishwa kwenye kiti kilichoinuliwa, ukumbi umejaa wanawake watupu, nao wanapanda mmoja mmoja kumtazama na kumtunza. Yeye hacheki, halii, anakaa na haya yake. Akicheka, watasema alikuwa na hamu ya mume. Akilia, watasema kalazimishwa. Na wale wanaopanda hawapandi kutazama nguo tu. Nusu yao wanainama makusudi mpaka chini ya uso wake, huyu anamkonyeza, yule anamtolea macho, waone kama atavunjika. Huo ni mchezo wao na wanaupenda kuliko biriani.

Wifi yangu Salha, dadake Abdillahi, alivunjika. Alicheka kitini mpaka kikuba cha asumini kikamwanguka kifuani. Leo ana wajukuu, na akipita sokoni anaitwa Bi Cheko. Mama yao, mavyaa wangu marehemu, yeye alilia kitini, na amekufa kabla mji haujaacha kuuliza ni nani aliyekuwa akimtaka kabla ya mumewe.

Na mavyaa wa Kamaria atakuwa Bi Khuzaima wa Takaungu, mamake Mselem, mwenye minazi mingi na uso kama mlango uliofungwa. Aliwahi kumposea mwanawe wa kwanza msichana wa Mtwapa. Wakakutana matangani, yule msichana akacheka kidogo upande wa pili wa ua. Bi Khuzaima akasema, "Huyo hapana," na posa ikavunjika siku hiyohiyo. Hakueleza, na hakuna aliyethubutu kumwuliza. Kamaria alikuwa anakwenda kuishi nyumba moja na mama huyo. Akivunjika pale kitini, ataingia kwa mkwewe na jina baya, na jina la namna hiyo halitoki kwa sabuni.

Nilimwita Salha tushauriane.

"Ni jini wa ukoo," alisema kabla hajakaa. "Tulisema zamani apungwe, mkamwacha."

"Jini gani huyo, wifi, asiye na kazi nyingine ila kuchekesha watu?"

"Basi ni malezi yako. Ungemfinya alipokuwa mdogo."

"Wewe mamako hakukufinya?"

"Alinifinya. Akaona nalia, akalia na yeye."

Kamaria alikuwa anachambua mchele pembeni. Aliposikia hivyo akamtazama shangazi yake, shangazi akamtazama yeye, na wote wawili wakaanza. Salha akashika ubavu, Kamaria akamwaga mchele. Nikangoja wamalize. Mchele niliuokota mimi.

*

Wiki iliyofuata Hilal alikuja kutoka Nairobi. Hilal ni mtoto wa Salha, alikuwa anamaliza chuo kikuu, na alikuja na sanduku la mashine. Ndani yake kulikuwa na saa yenye mshale, betri, na pete mbili za chuma zilizofungwa nyaya. Pete unavaa vidoleni, na mshale unaruka kadiri viganja vyako vinavyotoa jasho, hata jasho lile ambalo wewe mwenyewe hulisikii. Alikuwa pia na bahasha ya picha nyeusi na nyeupe. Zilikuwa sura za Wazungu, kila mmoja na hali yake: huyu kaghadhibika, huyu kaogopa, huyu ana furaha, huyu analia.

"Mkaza mjomba," aliniambia, "profesa wetu anataka kupima familia. Nimemwambia yetu nzima ni maabara."

Alimpima mjomba wake kwanza. Mimi ndiye niliyeonyesha picha, kwa sababu Hilal hawezi. Na yeye ni mtoto wa Bi Cheko: akiona uso wa anayepimwa unabadilika, wake unabadilika, na anayepimwa akimwona yeye mambo yanachafuka. Kwa hiyo Hilal hukaa ameelekea ukutani, sanduku mapajani, anatazama mshale tu.

Abdillahi alipoona yule mwenye hofu, mshale ukaruka. Alipoona yule anayelia, ukaruka tena, naye akauliza, "Maskini, kafanywa nini?" Salha alikuwa hivyohivyo. Kamaria akawashinda wote.

Ikaja zamu yangu. Salha akashika picha.

"Mkaza mjomba, pete zimekaa sawasawa?"

"Zimekaa."

"Mama, mwonyeshe yule mwenye hasira."

"Namwona," nikasema. "Ana shida gani?"

Hilal akagonga sanduku. Akabadilisha betri. Mshale ulikuwa umelala.

"Nilijua," Salha akasema. "Miaka yote hii nilijua. Huyu mwanamke ni jiwe."

Hilal alitueleza jioni ile tukinywa chai. Alisema katika ubongo kuna kipande kidogo mfano wa lozi, kimoja kila upande. Uso wa mtu ukipita machoni, kipande hicho kinagutuka kabla mwenyewe hajajua ameona nini. Kwa mmoja kinagutuka kidogo, kwa mwingine sana, na profesa wao anadhani sehemu ya tofauti hiyo mtu huzaliwa nayo, anairithi kama anavyorithi urefu au pua. Bado hawajui ni kiasi gani. Ndiyo sababu wanapima wazazi na watoto, na pacha wakiwapata.

"Kwa hiyo si jini," nikasema.

"Si jini."

"Umempima huyo jini?" mamake akamwuliza.

"Na si malezi?" nikauliza mimi.

"Malezi yanaingia, mkaza mjomba. Mtu haumbwi akaachwa hapo. Lakini Kamaria hajifanyi, na wala hukumharibu wewe."

Nilifurahi kusikia hilo, nikasema sasa nipe dawa.

"Hakuna dawa. Si ugonjwa. Ni vile watu walivyotofautiana. Ila kitu kimoja tunakijua: ubongo ukionyeshwa jambo lilelile mara nyingi, unalizoea."

Hilo la mwisho ndilo nililolishika. Kuanzia kesho yake, nikirudi kazini nilimkalisha Kamaria na pete vidoleni, leso kichwani kama mtandio wa harusi, nikampitishia zile picha kama anayekagua vitambulisho. Alipinga mwanzo, akazoea. Mshale ukaanza kuchoka. Ilipoisha wiki nilimwonyesha yule mwenye hasira na yule anayelia, na mshale haukupanda hata robo. Nikamwambia Abdillahi kazi imekwisha. Abdillahi akafurahi kwa sababu mimi nilikuwa nimefurahi.

Nikamwita Salha kuhakikisha. Nikamwambia apande mbele ya Kamaria, ainame, amtazame tu, asifanye lolote. Salha akainama. Hakufanya lolote. Kamaria akacheka mpaka leso ikaanguka.

"Mshale ulikuwa umelala," nikamwambia.

"Mama, wale nimewazoea. Yule mwenye masharubu ni Bwana Forodha. Yule anayelia kapotelewa na mbuzi, lakini atampata. Shangazi si picha."

"Basi siku hiyo fumba macho. Hata kidesturi inafaa, watasema ni haya."

Kamaria akaacha kucheka. "Nifumbe macho harusini kwangu? Watu wote hao wanakuja kwa ajili yangu, mama. Nikiwafumbia macho nimekwenda kufanya nini?"

"Umekwenda kutopata jina baya."

"Unajua nilivyojuana na Mselem? Alikuja benki, dirishani kwangu, kuweka pesa za shule, akanisabahi, akasema hajambo. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa. Nikamwuliza kafiwa na nani. Wanafunzi wake wawili walikuwa wamezama Kilifi jana yake, na tangu asubuhi hakuna aliyemwuliza." Akaiokota leso. "Mimi sitaki kuponywa. Nataka nisikuaibishe tu."

Nikaenda kupika.

*

Sasa, nyuma ya nyumba yetu tulikuwa na mpangaji, Mwikali, Mkamba, mfanyakazi wa posta, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usiokaa. Siku moja alipita barazani akamwona Hilal akimpima babake Kamaria. Yeye aliona waya, saa na mshale, na anajua mimi ni mtu wa kliniki. Akaenda kusema posta kwamba Mama Kamaria ameleta mashine ya presha, na kipimo ni bure.

Jumamosi asubuhi niliamka nikakuta wanawake wamejipanga barazani na mabuibui yao.

"Hii si presha," nikawaambia. "Hii inapima vile unavyogutuka ukiona uso wa mtu."

"Ndiyo," mmoja akasema, akanyoosha mkono. "Presha ya uso. Mimi inanisumbua."

Hilal aliniomba kwa macho nisiwafukuze, maana profesa alikuwa anataka watu wengi. Nikawaambia tena, kwa sauti, kwamba si presha, na anayetaka akae. Wakakaa wote.

Tulikuwa katikati ya kazi hiyo gari liliposimama nje akashuka Bi Khuzaima. Alikuwa amekuja kuzungumza habari ya siku ya hina, bila kutuma salamu mbele. Wanawake wakampisha. Salha aliyekuwa jikoni akachungulia, akarudi ndani kimyakimya.

"Shikamoo, Bi Khuzaima," nikasema, kwa kuwa kanizidi umri.

"Marahaba. Naona mna daktari." Akamtazama Hilal aliyekaa ameelekea ukutani. "Kijana mwenye adabu. Kwetu anakuja mmoja wa presha anakukodolea macho mpaka unataka kumpa kiti akae kabisa."

Akaketi, akavua pete yake ya dhahabu, akanyoosha vidole.

Ningeweza kumzuia. Nitasema kweli, nilitaka kumwona. Nilidhani hapa ndipo nitakapopata mwenzangu, mshale uliolala kuliko wangu. Nikamvalisha zile pete za chuma, nikamwambia kama nilivyowaambia wengine kwamba hii si presha, akasema, "Haya, haya," kama mtu anayemnyamazisha mtoto. Nikainua yule mwenye hofu.

Uso wake haukutikisika. Ukope haukucheza. Lakini Hilal akakohoa, na Hilal alikuwa amenikataza hata kupumua kwa nguvu wakati wa kupima. Nikainama kuchungulia juu ya bega lake. Mshale ulikuwa umekwenda mpaka mwisho wa saa, unatetemeka pale kama unatafuta njia ya kutokea.

Nikainua yule anayelia. Ukabaki kulekule. Nikainua mwenye furaha. Ukabaki kulekule. Mlango umefungwa, na nyuma yake nyumba nzima inakimbia huku na huku. Ndipo nilipouona mkono wake wa pili. Ulikuwa umeifinyanga leso mpaka imekuwa donge.

"Ipo juu?" akauliza, sauti tulivu.

Hilal hakugeuka. Wanawake walikuwa wanatazama.

"Njoo ndani tunywe kahawa," nikamwambia.

Nilimketisha ukumbini, nikafunga mlango wa barazani. Salha alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sahani ya halua, hajui aingie au atoke. Nikamweleza Bi Khuzaima mashine ile ni ya nini na mshale wake umefika wapi. Alisikiliza kama anayesikiliza habari ya mvua.

Hapo mama wa bi harusi hunyamaza. Kwetu kumsitiri binti ni nusu ya kumlea, na aibu yake huitoi mbele ya wakwe hata ukichomwa moto. Salha alijua ninataka kufanya nini, akasogea akanifinya mkono kwa nguvu. Nikaviondoa vidole vyake.

"Bi Khuzaima," nikasema, "binti yangu ni kama wewe, ila yeye hana mlango wa kufunga. Siku ya kupamba atacheka, au atalia, mbele ya watu wako wote. Nimejaribu kumzoeza nikashindwa. Nataka umfundishe ulivyofanya wewe. Na kama humtaki, niambie leo, nikaha haijafungwa."

Salha alikaa chini na halua yake.

Bi Khuzaima alikunywa kahawa mpaka kikombe kikaisha. "Nani ameuona mshale?"

"Mimi na Hilal."

"Hilal ndiye mtoto wa Bi Cheko?"

"Ndiye," akasema Salha. "Na Bi Cheko mwenyewe ni mimi. Halua?"

Hakuipokea. Akawa anainyoosha ile leso yake iliyokunjamana juu ya goti. "Yule msichana wa Mtwapa mnamjua. Watu wanasema nilimkataa kwa sababu alicheka matangani."

"Ndivyo tulivyosikia."

"Yalikuwa matanga ya kaka yangu. Nimekaa mbele, watu wote wananitazama mimi. Yeye kule akaona kuku kapanda juu ya kichwa cha mzee aliyesinzia, akacheka, nami nikamwona. Nikasikia kicheko kinanipanda hapa." Akashika koo. "Kaka yangu kazikwa jana yake tu. Nikasema, nikikaa na huyu nyumba moja nitaumbuka kila siku. Huyo hapana." Akanitazama, kidevuni, si machoni. "Sasa wewe unaniletea mwingine, tena mkali zaidi."

"Ndiyo," nikasema. Sikuwa na njia ya kulipamba hilo.

"Yuko wapi?"

"Chumbani."

Akainuka akaingia, akarudisha mlango. Tukabaki mimi na Salha. Salha akaanza kula halua mwenyewe, kipande baada ya kipande, machozi yanamtoka.

"Umeivunja, Zuleikha. Kwa mdomo wako. Mselem wa watu."

"Kama imevunjika, imevunjika kabla hajahamia kwake."

"Wewe huogopi?"

"Naogopa. Kwangu haionekani tu."

Walikaa mpaka wanawake wa barazani wakaanza kuondoka, wakimlaumu Hilal kwamba hakuwapa vidonge. Kisha nikasikia kitu chumbani ambacho kwanza sikukitambua. Kilikuwa kama mlango mkavu unaofunguliwa kidogo, unasita, unafunguliwa tena. Salha ndiye aliyejua. Alikuwa na kipande cha halua mdomoni.

"Anacheka," akasema. "Bi Khuzaima anacheka."

Alipotoka, uso ulikuwa umekwisha kurudi mahali pake. "Hina iwe Alhamisi," akaniambia, akajifunika buibui lake akaenda.

Nikamwuliza Kamaria alichoambiwa.

"Kasema nisimtazame mtu usoni. Nimtazame kipini. Kipini hakicheki."

Na kweli, wanawake wetu wa makamo wengi wana kipini puani, kidogo cha dhahabu. Ukikikazia macho, mwenyewe anadhani unamtazama, na wewe unaona kitone cha dhahabu tu. Bi Khuzaima alianza kufanya hivyo siku ya kupambwa kwake, hajaacha mpaka leo.

"Kasema anavijua vipini vya Takaungu yote," Kamaria akasema, "nyuso hazijui. Wajukuu wake anawatazama masikio. Akaniambia nifanye siku moja tu, nisifanye mazoea."

*

Siku ya kupamba ukumbi ulijaa tangu alasiri. Wa Takaungu walikaa mbele, Bi Khuzaima katikati yao. Kamaria akatolewa, akapandishwa kitini, na sitamsifu mwanangu sana ila watu walinyamaza. Mimi nilisimama pembeni karibu na mlango wa jikoni, mahali ninapoweza kuona kiti na masufuria pamoja.

Wakaanza kupanda. Wa kwanza akainama na kumtolea macho. Kamaria akakitazama kipini, uso umetulia kama maji ya mtungi. Wa pili akamkonyeza. Kipini. Wa tatu alikuwa fundi wa mchezo huo, alimlilia kabisa, machozi ya kweli. Nikamwona Kamaria anameza mate, lakini macho hayakutoka puani. Wa Takaungu wakaanza kutikisiana vichwa kwa kuridhika. "Ana haya," nikamsikia mmoja. "Kalelewa." Nikaanza kufikiria sahani.

Ndipo akapanda Mwikali.

Nilikuwa nimefikiria kila kitu, lakini sikufikiria kwamba Wakamba hawatogi pua. Mwikali alikuja na gauni lake la kanisani, pua tupu, masikio matupu, hata mkufu hana, maana dhehebu lao linakataza mapambo. Akasimama mbele ya Kamaria akamfurahia. Hakuwa na hila yoyote. Yeye alikuwa anampenda, alimjua tangu yuko darasani, na akatabasamu kwa meno yote na ule mwanya wake wa katikati.

Nikayaona macho ya Kamaria yanapanda, yanashuka, yanatafuta kitu cha kushika katika uso ule. Hayakupata. Yakatua pale pasipofaa.

Kamaria akatabasamu. Si kidogo. Alitabasamu uso mzima, kisha mabega yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka ukumbi mzima ukasikia.

Taarabu ilikuwa inapumzika. Pale mbele mtu akafanya "ah-ah" kwa ulimi. Mwingine akasema, si kwa siri, "Ukoo wa Bi Cheko huo." Mwikali akageuka, hajui amefanya nini, furaha inamkauka usoni. Kamaria akaiona ikikauka, na sasa akataka kulia. Nikaanza kwenda mbele. Sijui nilikuwa nakwenda kufanya nini. Pengine kumfunika leso.

Bi Khuzaima alinitangulia. Aliinuka, na watu wake wakajitenga kumpa njia, na kila mtu pale alijua habari ya msichana wa Mtwapa. Akapanda pole pole, akampita Mwikali, akasimama mbele ya kiti. Akamshika Kamaria kidevu, akakiinua.

Kisha akamtazama usoni. Nilikuwa upande, nikamwona. Hakutazama pua wala kidevu, alimtazama machoni kabisa, na akaacha macho yakae pale. Kamaria naye akamtazama, machozi yako ukingoni na kicheko hakijaisha. Uso wa Bi Khuzaima ulishikilia kwa muda. Halafu mdomo ukaenda upande mmoja, ukarudi, ukaenda tena, na mama yule wa Takaungu akacheka kwa ile sauti yake ya mlango mkavu, kwa nguvu, mpaka akalazimika kukaa kwenye ukingo wa jukwaa na nguo zake za hariri.

"Mwacheni acheke," aliwaambia watu wake alipopata pumzi. "Anakuja kwangu. Nimechoka kukaa peke yangu."

Hapo Salha hakuweza tena. Akapiga kigelegele kikakatika katikati kwa kicheko, na waliomtazama Salha wakacheka, na waliowatazama hao wakacheka, mpaka yule aliyefanya "ah-ah" akawa anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mwikali akarudishiwa tabasamu lake. Bi Khuzaima alimvuta akamkalisha karibu naye, akawa anamtazama mwanya kama mtu aliyeonyeshwa kitu kwa mara ya kwanza.

Kamaria alicheka siku ya kupambwa, na mji ulisema. Ulisema mwezi mzima. Lakini ilikuwa lazima useme na ya Bi Khuzaima pia, na hilo lilikuwa tamu zaidi, kwa hiyo la Kamaria likakosa nafasi. Kwa mkwewe aliingia kwa mlango mkubwa.

Abdillahi alikuwa nje na wanaume. Kelele zilipomfikia, wanasema alianza kucheka hukohuko, bila kujua sababu, na Mselem akamwuliza, "Baba, kuna nini?" Akajibu hajui, lakini inaonekana ni jema.

Salha alinikuta jikoni, uso umemvimba kwa kucheka, wanja umefika mashavuni.

"Wewe hata leo hucheki, jiwe wee? Mwanao kaokoka."

"Nimeona."

"Umeona tu?"

Nilikuwa na upawa mkononi. Nilimwambia nimefurahi tangu asubuhi ile Bi Khuzaima alipotoka chumbani, na kwamba biriani ya safu za nyuma haitatosha kama hatapunguza mafungu ya mbele. Akanitazama usoni kwa muda, akitafuta. Sijui aliona nini. Akachukua upawa wa pili, akaanza kupakua.